Kuugua na Kuuguza: Ustahimilivu wa Jamaa wa Mgonjwa wa Akili

Katika Kiswahili, mgonjwa na anayemtunza huelezwa kwa kitenzi kimoja: huyu huugua, yule huuguza. Kisarufi ni mnyambuliko tu. Nyumbani ni kukesha kwa hofu kwamba kijana atatoka usiku, kuhesabu vidonge kila asubuhi, na kueleza kwa mara ya kumi kwamba chakula hakikutiwa sumu. Aghalabu kazi hii humwangukia mama, dada au mke, naye huifanya kwa siri. Mwenye mgonjwa wa malaria hujuliwa hali na majirani. Mwenye mwana anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine hukwepwa. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo huu, mwenzio hata hauoni.

Jamii husifu subira hii ya kimya na kuiita ustahimilivu. Yamkini hapo ndipo kosa lilipo. Nchini Uingereza, mtaalamu wa elimujamii George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa skizofrenia, maradhi yanayovuruga fikra na hisi, waliotoka hospitalini na kurejea kwa jamaa zao. Kwa mujibu wa matokeo waliyoyachapisha mwaka 1972, katika muda wa miezi 9 ugonjwa uliwarudia asilimia 58 ya waliokuta nyumbani lawama, uhasama au kushikiliwa kupita kiasi. Kwa waliokuta utulivu, ni asilimia 16. Takwimu hizi zisisomwe kama hati ya mashtaka, maadamu familia haisababishi skizofrenia. Anayefoka aghalabu ni mtu ambaye hajalala kwa siku kadhaa. Kwa hivyo mapumziko ya anayeuguza yanastahili kuhesabiwa katika tiba, sawa na vidonge.

Maarifa nayo hupunguza lawama. Kijana asiyeoga huitwa mvivu, ilhali kupotewa na ari ni dalili ya ugonjwa wenyewe, tena dalili ambayo dawa huiweza kwa shida kuliko zile sauti. Mama akilijua hilo, huacha kugombana naye juu ya ndoo ya maji. Hujifunza pia kutobishana kuhusu sauti wala kuzikubali: humwambia tu kwamba yeye hazisikii, lakini anaona zinavyomtisha.

Kisha ipo huzuni. Mwaka 1999, mtaalamu wa Marekani Pauline Boss alichapisha kitabu kuhusu msiba usio dhahiri, ambapo mtu yupo kwa mwili ilhali yule aliyejulikana ameondoka. Msiba huu hauna matanga. Hakuna anayekuja na sukari na majani ya chai, na mama hujiona mwovu kwa kumlilia mwana aliye hai. Kuupa jina humpunguzia hatia hiyo.

Hospitali ya Mathari jijini Nairobi imepokea wagonjwa wa akili tangu 1910, lakini mgonjwa hulazwa kwa muda na kuishi nyumbani kwa miaka. Huko nyumbani, kinachokosekana ni zamu. Kaka aishiye mjini hutuma pesa na kuamini ametimiza wajibu. Pesa zinahitajika, kwani nauli na dawa ni ghali. Hata hivyo, akija mara moja kwa mwezi, akampeleka nduguye kliniki na kungoja kwenye foleni hadi saa nane, mama atapata siku ya kulala, au ya kwenda kwenye chama chake, ambako wenzake walikuwa wamekwisha kuacha kumtarajia.