Sindano ya kupunguza unene: bei inatoka wapi?

Kisha mkutano mama mmoja aliniambia anataka kuuza mbuzi wake wawili anunue ile sindano ya kupunguza unene. Tupige hesabu pamoja.

Kwanza, mtengenezaji. Ozempic na Wegovy zinatoka kampuni moja ya Denmark, Novo Nordisk. Washindani wakiwa wachache, muuzaji ana nguvu ya kupanga bei. Wegovy ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2021, bei yake rasmi ilipita dolari 1300 kwa mwezi.

Pili, njia. Sawa na insulini, kabla ya kufunguliwa inatunzwa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8. Ni ndege mpaka Kindu, kisha mto Lualaba mpaka kwetu. Kila mkono unaongeza faida yake, na barafu ikiyeyuka, feza imepotea.

Tatu, dolari. Dawa inanunuliwa kwa dolari. Mchele wetu tunauza kwa franka.

Nne, ni sindano ya kila juma. Ukiiacha, mara nyingi uzito unarudi. Mbuzi wawili hawatafika mbali.

Wala usinunue chupa ya mchuuzi wa sokoni: inaweza kuwa ya uongo, ama imeharibika kwa joto. Nenda kituo cha afya, upimwe sukari na presha. Vidonge vya metformini vya ugonjwa wa sukari vinatengenezwa na viwanda vingi, ndiyo sababu bei yake ni nafuu. Na anayetumia insulini asiiache hata siku moja.

Mama yetu amekwenda kupimwa. Mbuzi wangali nyumbani.