Mkoba Mweupe Ukibadilika Rangi

Mkoba wa turubai wenye rangi ya maziwa ni pambo zuri, lakini haukawii kuchafuka. Kamba huwa nyeusi kwa jasho la mikono, upande unaogusa jinzi hugeuka bluu, na kitako hubeba vumbi la kila benchi tulilokalia.

Sisi tulijifunza kwa uchungu. Siku moja kabla ya harusi tulikuwa watatu jikoni, tukisafisha mkoba wa bei kubwa ambao mwenzetu alizawadiwa na dada yake. Tulitia jiki katika beseni. Doa lilipogoma, tukaongeza siki. Mara macho yakawasha, vifua vikabana, na mtoto aliyekuwa akicheza karibu akaanza kukohoa mfululizo. Tulimnyakua tukakimbilia uani, kisha zahanati. Namshukuru Mungu alipata nafuu. Mkoba ulibaki na mabaka ya manjano, na ngozi ya kamba ikapasuka. Kati yetu alikuwemo muuguzi, na bado tulikosea!

Jiki ina klorini. Ikichanganywa na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya sumu. Ikikutana na amonia ni hatari vilevile. Yakitokea, tokeni nje wote mara moja. Anayepumua kwa shida apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Sasa tufanyeje?

Kwanza, tuujue mkoba wetu. Tudondoshe tone la maji mahali pasipoonekana. Turubai la pamba tupu hulinywa. Lililopakwa plastiki, kama la mikoba mingi ya Louis Vuitton, halinywi.

Pili, tutoe vitu vyote, tukung'ute, tupige brashi laini iliyo kavu. Penye mafuta kwenye turubai la pamba, tunyunyize poda ya mtoto, ilale usiku kucha, asubuhi tuipanguse.

Tatu, tutie matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo katika maji ya uvuguvugu. Tutumie kitambaa cheupe, kwani cha rangi huweza kuchuja. Tujaribu kwanza mahali palipofichika. Kisha tugonge-gonge doa bila kusugua kwa nguvu, na tupanguse upande mzima, ili maji yakikauka yasiache duara. Ngozi ya kamba isilowe.

Nne, tuujaze karatasi nyeupe na kuuanika kivulini ukiwa wazi. Gazeti halifai, wino wake huhamia kwenye kitambaa.

Rangi ya jinzi ishughulikiwe mapema. Ikishazama ndani ya plastiki, huenda isitoke tena. Hapo, au palipo na ngozi nyingi, ni heri kumpelekea fundi anayejua kazi.

Mkoba ukikauka, tuutunze ndani ya foronya ya pamba. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu, na ukungu huzaliwa humo.

Haraka haraka haina baraka. Mkoba wenye doa dogo bado utabeba leso, miwani na sadaka. Tukiisha kuujua huo, tuweke jiki juu ya kabati, mbali na watoto, na siki ibaki kwenye kachumbari.