Kamera Nyingi, Kompyuta Moja: Kunasa Video Makadara

Mitaa ya Makadara, katika Eastlands ya Nairobi, iliyotanda pande zote mbili za Barabara ya Jogoo, tangu Kaloleni na Makongeni hata Maringo na Jericho, haina juma lipitalo bila ya jambo listahililo kuhifadhiwa kwa picha: harusi hufungwa, ibada huadhimishwa, maiti husindikizwa, na vijana hushindana kwa mpira katika uwanja wa Camp Toyoyo mbele ya umati uliouzunguka bega kwa bega. Jambo kama hilo likinaswa kwa kamera moja tu, aghalabu mtazamaji hupata sehemu yake ndogo, kwa kuwa kamera ikimwelekea bwana harusi humpa kisogo mama yake, na ikimfuata mwenye mpira haimwoni mlinda lango aliyetoka langoni mwake.

Zamani dawa ya upungufu huo, yaani kamera nyingi kwa pamoja, ilikuwa milki ya serikali na ya wenye mali nyingi. Shirika la BBC lilipoonyesha maandamano ya kutawazwa kwa Mfalme George wa Sita huko London tarehe 12 Mei 1937, lilitumia kamera tatu pamoja na mitambo iliyohitaji gari zima kuichukua. Na televisheni ilipoanza nchini Kenya mwaka 1962, mkaazi wa Makadara aliingia katika mambo hayo kwa mlango wa mtazamaji, hakuingia kwa mlango wa mtengenezaji. Katika ukumbi wa Kaloleni, ambamo wanasiasa na viongozi wa wafanyakazi, Tom Mboya miongoni mwao, walihutubia umma katika miaka ya 1950, kamera ya filamu haikuwa chombo cha watu waliokuwa wakisikiliza. Leo kompyuta iliyokwisha tumika ng'ambo, ikanunuliwa katika maduka ya mjini, pamoja na simu tatu nne zilizomo tayari mifukoni mwa jamaa, zaweza kutimiza kazi ile ile iliyohitaji gari la mitambo, maadamu mwenye kuziunganisha anajua zinavyofanya kazi.

Wengi waliijua haja ya maarifa haya mwaka 2020, wakati maradhi ya korona yalipofunga nyumba za ibada mwezi Machi na mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15. Makanisa yaliyokuwa hayajapata kumiliki hata kamera moja yalilazimika kuwapelekea waumini ibada majumbani, na familia zikataka jamaa walioko Kisumu, Dubai au Marekani wamwone marehemu wao akizikwa. Dharura ile imepita, lakini ada imebaki, na vijana waliojifunza kwa dhiki sasa wanafanya kazi hiyo kwa ujira.

Programu inayotumiwa na wengi wao ni OBS Studio, iliyoanzishwa na Hugh Bailey mwaka 2012, nayo ni programu huria, yaani haina bei, na yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuufungua msimbo wake na kuurekebisha. Mtumiaji huziingiza kamera zake zote ndani yake, akazipanga kila moja katika mandhari yake, kisha shughuli ikiendelea huteua kwa kubonyeza kitufe ipi ionekane na ipi isubiri. Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo ninapotaka kumshika msomaji mkono asiondoke. Programu hii, ikiachwa ilivyo, hunasa picha moja tu, ile iliyoteuliwa. Yaliyoonwa na kamera nyingine katika saa hiyo hupotea kana kwamba hayakuwapo. Ikiwa bibi wa marehemu aliinuka na kusema neno wakati fundi alipoiacha picha juu ya jeneza, neno hilo litasikika lakini uso wake hautaonekana tena milele. Rai yangu, nami naishikilia kwa nguvu, ni kwamba kila kamera inaswe peke yake katika faili lake, fauka ya ile picha iliyochanganywa. Kipo kijalizo cha OBS kiitwacho Source Record kifanyacho kazi hiyo hasa, na gharama yake ni nafasi ya diski na jasho la kompyuta.

Kwanza tuitazame njia ambayo picha hupita. Picha moja ya ubora wa kawaida wa siku hizi ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla yake zaidi ya milioni mbili. Zikienda picha 25 kila sekunde bila ya kubanwa, zahitaji njia ya kupitisha karibu megabiti 830 kwa sekunde. Tundu la USB la toleo la pili, ambalo ndilo lililojaa katika kompyuta kuukuu, lina uwezo wa megabiti 480 tu, na huo ni uwezo wa kwenye karatasi. Kwa hiyo kamera hulazimika kuibana picha kabla ya kuituma, na hata ikiisha kubanwa, kamera mbili zilizochomekwa katika matundu mawili yaliyo jirani huenda zikawa zinagawana njia moja iliyofichika ndani, moja ikaonekana vizuri na ya pili ikawa giza tupu. Mwenye kupatwa na hayo asiilaumu kamera. Na ahamishe waya wake kwenye tundu la upande mwingine wa kompyuta, au aongeze kadi ya USB ya toleo la tatu, ambayo upana wa njia yake ni zaidi ya mara kumi. Tena waya wa USB wa toleo la pili haufai kuzidi mita 5, na ukumbi una urefu zaidi ya hapo. Ndiyo maana kamera ya mbali ni bora iletwe kwa waya wa mtandao, unaofika mita 100 bila ya taabu, au simu itumiwe kwa njia ya Wi-Fi ikiwa hapana watu wengi wanaoshindania mawimbi hayo. Katika kanisa lililojaa, ambamo kila mtu ana simu, nisingeiamini Wi-Fi hata kidogo.

Picha zikisha kufika, kompyuta huzibana upya ili zienee diskini, na hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote. Prosesa nyingi za Intel zilizotengenezwa tangu mwaka 2011 zina sehemu maalumu ya kazi hiyo, iitwayo Quick Sync, nayo ikiteuliwa katika mipangilio huipunguzia prosesa yenyewe mzigo mkubwa. Tatizo ni kwamba wengi hawajui kuwa wanayo. Kama kompyuta ni dhaifu hata kwa msaada huo, basi kila simu na inase katika hifadhi yake yenyewe, na mafaili yaje kuunganishwa baadaye katika programu ya uhariri kama Kdenlive, nayo pia haina bei.

Diskini, video iliyobanwa kwa megabiti 8 kwa sekunde hula gigabaiti 3.6 kila saa. Kamera nne pamoja na picha ya mchanganyiko hufanya gigabaiti 18 kwa saa, na ibada ya saa tatu hufikia 54, kiasi ambacho diski ya kawaida hukipokea bila ya kuhema. Hadhari ni mbili. Ya kwanza ni mpangilio wa FAT32, unaokuja na flashi nyingi, usiokubali faili lizidilo gigabaiti 4, hata kazi ikakatika baada ya saa moja na dakika chache. Ya pili ni stima. Faili la MP4 la kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni, kwa hiyo stima ikipotea kabla ya kubonyezwa kitufe cha kusimamisha, kazi yote ya asubuhi huwa haifunguki. Bali faili la MKV hubaki na yote yaliyokwisha andikwa, na OBS yenyewe huligeuza kuwa MP4 baadaye kwa muda mfupi. Mtu afanyaye kazi hii Eastlands bila ya kuteua MKV, na bila ya betri ya kusaidia, anaweka heshima yake rehani.

Sasa wakati, ambao ni mgumu kuliko njia na hifadhi. Kila kamera ina saa yake ndani, na saa mbili hazilingani kamwe. Kinachoanza kama tofauti isiyoonekana huwa, baada ya saa mbili, midomo inayosema na sauti inayochelewa. Sauti nayo ina mwendo wake wa kama mita 340 kwa sekunde, hivi kwamba kamera iliyo mita 34 kutoka kwa msemaji humsikia sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kumwona. Kwa sababu hiyo sauti na ichukuliwe mahali pamoja tu, kutoka kwenye mitambo ya vipaza sauti moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, na sauti za kamera zihifadhiwe kwa ajili ya kulinganisha. Kabla ya kuanza, mtu asimame mbele ya kamera zote apige kofi moja kubwa: mhariri atalitafuta kofi hilo katika kila faili na kuyapanga yote kwalo. Kwa upande wa taa, umeme wa Kenya una mapigo 50 kwa sekunde, na taa za mirija za kumbi zetu hupepesa kwa kuyafuata. Kamera zote zikiwekwa picha 25 na kila picha ichukuliwe kwa muda wa 1/50 ya sekunde, ile michirizi inayopanda na kushuka katika video nyingi za simu hutoweka.

Kamera zisimamishwe upande mmoja wa tendo. Uwanjani, kamera mbili zikikabiliana kutoka ncha mbili za mstari wa kati, timu inayoshambulia kulia katika picha moja itaonekana inashambulia kushoto katika ya pili, na mtazamaji hupotea. Vivyo hivyo bibi harusi aingiaye kanisani.

Wala ruhusa isisahauliwe. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihusu pia picha za nyuso, hususa za watoto, ambazo zahitaji idhini ya mzazi. Tangazo mlangoni kabla ya shughuli, na sehemu ya ukumbi isiyoelekewa na kamera kwa asiyependa kuonekana, ni adabu isiyogharimu kitu.

Baada ya shughuli, mafaili yapewe majina yenye tarehe, mahali na namba ya kamera, kwani jina linalotungwa na simu halitamwambia mtu lolote baada ya miaka kumi. Nakala moja ipewe wenye shughuli, pamoja na mafaili ya kila kamera na siyo ile iliyohaririwa pekee. Nakala ya pili ikae kwa fundi. Na ya tatu katika nyumba nyingine kabisa. Nyumba za manispaa na za reli zilizojengwa mitaani humu kabla ya uhuru zinaendelea kupisha maghorofa, na kamera ya nne, ile iliyosahauliwa ikielekea dirishani wakati wote wa harusi, huenda ikawa ndiyo iliyonasa ua, kuta na majirani wa mtaa kama walivyokuwa.