Sura ya Saba: Matundu Matano na Uongo Wake

Kwenye nyanda za majani za South Dakota na Montana, huko Marekani, anaishi mnyama mdogo wa jamii ya kuchakuro. Wenyeji humwita mbwa wa nyika, kwa kuwa mlio wake unafanana na kubweka. Huchimba mashimo kwa mamia, hula majani ambayo mfugaji ameyakusudia ng'ombe wake, na akihisi hatari husimama wima mlangoni mwa shimo lake. Akisimama hivyo, upana wake haupiti sana kiganja cha mtu mzima, tuseme sentimita 9. Mwindaji aliyejilaza yadi 300 kutoka hapo, yaani karibu mita 275, ana shabaha ndogo kuliko kisahani cha kikombe cha chai, na upepo unapita katikati yao.

Bunduki ya kazi hii huwa na mtutu mnene, darubini yenye nguvu, na risasi nyembamba zenye mbio. Risasi ya .220 Swift, iliyotolewa na Winchester mwaka 1935, ilivuka mita 1,200 kwa sekunde. Ile ya .222 Remington ya mwaka 1950, kazi ya mhandisi Mike Walker, haikuwa na mbio kiasi hicho, lakini ilipiga pale pale ilipopelekwa, na kwa zaidi ya miaka 20 ikatamba katika mashindano ya kulenga shabaha kutoka mezani. Wengi wenye bunduki hizi hawaridhiki na risasi za dukani. Huokota maganda yaliyokwisha kutumika na kuyajaza upya nyumbani, kila mmoja akiamini mchanganyiko wake ndio bora. Sura hii inauliza swali moja: atajuaje?

Kwanza tuelewane kwa maneno. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki inayowasha moto kitakoni, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Mjazaji anaweza kubadili aina na uzito wa kila kimoja, na pia kina cha kukizamisha kichwa kwenye shingo ya ganda. Kiasi cha baruti hakikisiwi wala hakikumbukwi kichwani. Husomwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, huanziwa chini, na hupandishwa kidogo kidogo huku dalili za shinikizo kubwa zikichunguzwa, maana baruti iliyozidi hupasua bunduki usoni mwa mwenyewe. Kwa hiyo kipimo cha usalama hutangulia, na kipimo cha shabaha hufuata.

Pia kuna jambo ambalo hakuna baruti inayoweza kulirekebisha. Ndani ya mtutu mna michirizi iliyosokotwa inayokizungusha kichwa kama pia, ili kisipinduke hewani. Kichwa kirefu kinahitaji msokoto wa kasi zaidi. Bunduki nyingi za .22-250, risasi nyingine ya mbio ya kazi hii, husokota mzunguko mmoja kwa kila inchi 14, jambo linalofaa vichwa vifupi na vyepesi. Ukizilisha vichwa virefu, karatasi itaonyesha tundu lenye umbo la tundu la ufunguo: kichwa kimefika kikiwa ubavu. Hapo huna haja ya hesabu yoyote. Badili kichwa.

Daktari na nguzo ya zege

Mtu aliyechimba suala la kutawanyika kwa risasi kuliko wote wa zama zake alikuwa Franklin Mann, daktari wa Massachusetts aliyetengeneza pia mashine za kukatia mifupa ya kulisha kuku. Mann alichoka kusikia kila kosa likibebeshwa mkono wa mpigaji. Akaukaza mtutu juu ya nguzo nzito ya zege, akamwondoa binadamu katika hesabu, kisha akapiga kwa miaka mingi na kuandika kila kitu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909.

Mtutu ule haukupumua wala haukuogopa kishindo, na bado matundu yalitawanyika. Mann akaonyesha kwamba kichwa ambacho uzito wake hauko sawa pande zote, au kinachoingia kwenye michirizi kikiwa kimeinama kidogo, hutoka mdomoni mwa mtutu kikiwa tayari kimepotea njia. Kwetu sisi funzo kubwa ni hili: kutawanyika ni tabia ya bunduki na risasi yake, kama vile mawimbi yalivyo tabia ya bahari. Huwezi kukuondoa kabisa. Unachoweza ni kukupima.

Kipimo chenyewe

Mpigaji huketi kwenye meza imara, bunduki ikilala juu ya mifuko ya mchanga mbele na nyuma, karatasi ikiwa yadi 100 mbele. Hupiga risasi tano akilenga mahali pamoja, kisha hupima umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Namba hiyo ndiyo inayotajwa vijiweni. Wengine huisema kwa dakika za pembe: nyuzi moja ina dakika 60, na dakika moja kwa yadi 100 ni takribani milimita 27. Kwa yadi 300 ni mara tatu yake, milimita 80.

Uongo huanzia hapa. Chukua bunduki ambayo makundi yake ya risasi tano yana wastani wa milimita 25. Bila kugusa kitu, kundi moja litatoka na 15 na jingine 35. Ni bahati tu, kama karata zinavyogawanywa. Sasa mjazaji atengeneze michanganyiko kumi, na tuseme kwa kweli yote ni sawa. Akipiga kundi moja kwa kila mmoja, ulio "bora" utampa takribani milimita 16 na ulio "mbaya" takribani 36. Atautangaza wa kwanza, atautupa wa mwisho, na wiki ijayo atashangaa yule bingwa wake amepatwa na nini. Hakupatwa na kitu. Amerudi kwenye wastani wake.

Anayepiga risasi tatu badala ya tano hujidanganya zaidi, kwani kundi dogo lina nafasi chache za kuonyesha ubaya. Bunduki ile ile ya milimita 25 kwa risasi tano itatoa wastani wa 20 kwa tatu, 31 kwa kumi, na karibu 37 kwa ishirini. Hakuna kilichoharibika, tumeonja tu sehemu kubwa zaidi ya sufuria. Anayeonja punje tatu za pilau hana haki ya kusema nyama imeiva.

Basi ni risasi ngapi zinatosha? Inategemea tofauti unayoitafuta. Kama mchanganyiko mmoja unaushinda mwingine kwa asilimia 30, makundi sita ya risasi tano kwa kila upande yataanza kukuonyesha. Kama tofauti ni asilimia 10, utahitaji makundi zaidi ya 50 kwa kila upande, risasi zaidi ya 500 kwa jumla, na hizi bunduki za mbio hula mitutu yake upesi. Mwenye busara hutafuta tofauti kubwa na kuziacha ndogo zipite.

Kuna njia za kubana matumizi. Badala ya kupima matundu mawili tu, tafuta kitovu cha kundi zima, pima umbali wa kila tundu kutoka hapo, kisha chukua wastani. Hivyo kila risasi inatoa ushahidi wake. Usipige mchanganyiko wa kwanza asubuhi na wa pili mchana, maana upepo wa kilomita 16 kwa saa kutoka ubavuni husukuma vichwa hivi vyepesi karibu inchi nzima kwa yadi 100. Pishanisha: mmoja wa huu, mmoja wa ule, na uupe mtutu muda wa kupoa. Na lile tundu lililokaa mbali na wenzake usilifute kwa kusema "mkono uliteleza", isipokuwa ulikiri kuteleza kabla ya kuliona. Mjazaji anayehukumu risasi zake mwenyewe ni kesi ya nyani aliyopelekewa ngedere.

Mashine ya kupima mwendo nayo isitumike kama hakimu wa yadi 100. Risasi ikipungukiwa mita 15 kwa sekunde kati ya 975, kwa umbali huo itashuka chini ya milimita 2 zaidi ya mwenzake, na tundu lenyewe ni pana kuliko hapo. Kwa yadi 300 upungufu ule ule unavuka sentimita moja na nusu. Kwa hiyo mchanganyiko uliofuzu karibu unapaswa kujaribiwa tena mbali.

Turudi kwa mnyama wetu wa sentimita 9. Aliyeamini kundi lake dogo la milimita 16 atazidisha mara tatu, apate 48, na kufyatua kwa yadi 300 bila wasiwasi. Mwenzake ana bunduki ile ile na baruti ile ile, lakini alipiga risasi 20 na kupata milimita 37. Akizidisha anapata 111, zaidi ya upana wa mnyama, hata kabla upepo haujasema lake. Huyo anajua kwamba baadhi ya risasi zake zitakosa na nyingine zitajeruhi bila kuua. Anakunja mkeka wake na kusogea hadi yadi 200, ambako duara lake lina milimita 74.