Kiti cha Bustani Kutokana na Skii Kuukuu

Theluji inapoanza kuyeyuka mwezi Aprili katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, skii kuukuu, vile vifaa virefu vinavyovaliwa miguuni kutelezea theluji, huonekana kila upande. Utazikuta zimeegemezwa kwenye mapipa ya taka, zimerundikwa nyuma ya maduka ya michezo, au zimepangwa uani kwa mtu anayeuza vitu vya nyumba kwa bei ya kutupa. Colorado, Austria na Norway ni vivyo hivyo. Wanaozitupa wasilaumiwe haraka, kwani skii haina pa kwenda. Wa vyuma chakavu haitaki kwa sababu imejaa plastiki, wa plastiki haitaki kwa sababu ina chuma, na anayetafuta kuni akiichoma atavuta moshi wenye sumu. Tabaka zake zimeshikana kwa gundi ya epoksi ambayo ikishaganda haiyeyuki tena, hata uitie moto.

Hoja yangu ni kwamba gundi hiyo hiyo ndiyo inayoifanya skii kuwa malighafi nzuri sana ya samani za nje. Kitu kilichoundwa kipigwe na barafu, kikunjwe, kilowane na kukauka miaka nenda miaka rudi hakisumbuliwi na mvua ya bustanini. Lakini fundi anayeichukulia skii kama ubao wa kawaida ataiharibu, au ataumia. Ni lazima kwanza ajue ndani yake mna nini.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walizifahamu skii kupitia Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa 92, wa mwisho, katika mbio za kilomita 10, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akabaki kwenye mstari wa kumalizia hadi Boit alipofika, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Skii walizovaa siku ile ni za kusafiria tambarare na vilima: nyembamba, upana wake sentimita nne au tano tu, nyepesi mno, na nyingi katikati zina povu gumu au matundu ya hewa. Hizo hazifai kukaliwa. Ukizibana kwa bolti zinabonyea. Tunazozihitaji ni za kuteremkia milima, zilizo nzito na pana, zenye ukingo wa chuma pande zote mbili.

Chukua skii moja ya namna hiyo uitazame kwa ubavu. Chini kabisa kuna plastiki ya polithini iliyoshindiliwa, ngumu na inayoteleza kuliko polithini yoyote unayoijua jikoni. Kandokando yake zimezama kingo mbili za chuma kigumu ambazo huuma barafu mtu anapokata kona. Juu ya hapo kuna kitambaa cha faibaglasi kilicholoweshwa epoksi, na wakati mwingine bamba jembamba la aloi ya alumini. Katikati ndipo penye moyo wa skii, nao kwa kawaida ni mti: mpopla au mepo, uliokatwa vipande vyembamba na kuunganishwa ubavu kwa ubavu. Kisha faibaglasi tena, na juu kabisa plastiki yenye rangi na michoro. Mti unabeba umbo, faibaglasi inabeba mvutano, chuma kinalinda kingo. Uzito ni mdogo, nguvu ni kubwa.

Mpangilio huu una mwanzo unaojulikana. Howard Head alikuwa mhandisi katika kampuni ya ndege ya Glenn L. Martin mjini Baltimore. Alipokwenda kujifunza kuteleza Stowe, Vermont, mwaka 1947, alishangaa kuwa watu bado wanateremka milima kwa skii za mti mtupu wakati ndege zilikwisha kuhamia kwenye alumini zamani. Akaanza kujaribu kubana kiini chepesi katikati ya mabamba ya alumini. Skii zake za mwanzo zilivunjika, akarudi karakanani, zikavunjika tena. Mwaka 1950 akaingiza sokoni skii iliyokubali, ikaitwa Head Standard. Katika miaka ya 1960 faibaglasi nayo ikashika nafasi yake. Kwa hiyo jozi nyingi unazoziokota leo ni wajukuu wa teknolojia ya ndege, na ninaona ni haki fundi aziheshimu hivyo.

Ni kwa nini basi zinaachwa zikiwa bado nzima? Mara nyingi tatizo si skii bali vibano, zile mashine zinazoshika kiatu na kukiachia mtu anapoanguka. Kibano kisipoachia kwa wakati, mguu huvunjika. Watengenezaji wa vibano huacha kuvidhamini vya zamani baada ya miaka kadhaa, na fundi wa duka hawezi tena kuvirekebisha kwa mteja. Umbo nalo limebadilika. Tangu miaka ya 1990, baada ya kampuni ya Elan ya Slovenia kuleta skii yenye kiuno chembamba na ncha pana, zile ndefu zilizonyooka za sentimita 190 hadi 205 zilipoteza soko karibu ghafla. Hizo zilizonyooka ndizo ninazozipenda kuliko zote. Hupangika vizuri kama fito za kitanda. Zenye kiuno huacha mianya iliyopinda kati ya kipande na kipande. Si kasoro, maji ya mvua hupita hapo, ila zinahitaji upimaji wa makini.

Watu hutengeneza vitu vingi kwa skii: uzio, rafu, fremu za vioo, ubao wa kutundikia makoti. Kwa anayeanza, ubao wa makoti unamtosha, kwa kuwa ni skii moja, kulabu tano na skrubu za ukutani. Lakini umbo linaloonyesha vizuri zaidi uwezo wa skii ni kile kiti cha bustani cha kujinyoosha kiitwacho Adirondack. Kilibuniwa na Thomas Lee mwaka 1903 mjini Westport, New York, kando ya Ziwa Champlain, na ng'ambo ya ziwa hilo ndiko iliko Vermont. Lee alikata vipande 11 vya kiti chake kutoka ubao mmoja. Rafiki yake Harry Bunnell, aliyekuwa seremala, aliuchukua ubunifu huo na kuupatia hataza mwaka 1905. Mgongo wake umelala nyuma, kikalio kimeinama, mikono ni mipana, na karibu kila sehemu ni ubao mrefu mwembamba. Skii inaingia humo bila kulazimishwa.

Kiti kimoja kinataka jozi tatu. Katika skii tano, kila moja ikiwa na sentimita 180, kata kipande cha sentimita 90 kuanzia ncha iliyopinda: hivyo ni vya mgongo, ncha zikiwa juu. Kinachofuata, sentimita 55, ni cha kikalio, na usikitafute mahali pengine, kwa sababu hapo katikati ndipo skii ilipo nene na ngumu kuliko kote. Kipande cha mkia kinachobaki kihifadhi kwa kazi ndogondogo. Skii ya sita igawe mikono miwili ya sentimita 75 hivi. Fremu, yaani miguu na mihimili miwili ya pembeni, itengeneze kwa mbao halisi zinazovumilia mvua, kama mwerezi au msonobari uliotiwa dawa. Nimeona watu wanaojaribu kufanya hata miguu kwa skii. Siwashauri. Skii imeumbwa ikunjike, na mguu wa kiti haupaswi kukunjika.

Kabla ya kukata, ondoa vibano. Vingi hushikwa kwa skrubu zinazotaka bisibisi ya Pozidriv namba 3. Bisibisi ya nyota ya kawaida itaingia, kisha itaula mdomo wa skrubu. Sehemu ya kisigino mara nyingi lazima uitelezeshe nyuma kwenye reli yake ndipo skrubu za chini zionekane. Skrubu ikigoma, imetiwa gundi. Iguse kichwani kwa pasi ya kulehemu kwa muda mfupi, joto lishuke kwenye uzi wake, gundi italegea. Usijaribu kukipasua kibano ili kuona kilichomo, maana ndani kuna springi yenye nguvu iliyobanwa. Na kikishatoka, kisifungwe tena kwenye mguu wa mtu yeyote.

Sasa plastiki ya chini. Ikwangue kwa chuma bapa hadi nta yote itoke, na takataka hizo uzitie kwenye mfuko. Nta nyingi za zamani, hasa za mashindano, zilikuwa na misombo ya florini ambayo haiozi na hujikusanya majini na mwilini. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa skii, FIS, lilizipiga marufuku mashindanoni kuanzia msimu wa 2023–24. Kwa sababu hiyo hiyo usiyeyushe nta hiyo kwa pasi.

Ukataji ndio unaotisha wengi, bure tu. Zungushia tepu ya karatasi mahali pa kukatia ili plastiki ya juu isibanduke, bana skii kwenye jiliwa, kisha kata kingo mbili za chuma tu kwa grenda yenye diski nyembamba. Acha hapo. Malizia katikati kwa msumeno wa mkono wa kukatia chuma. Ukilazimisha grenda ipite hadi mwisho, epoksi itaungua, plastiki itayeyuka na kunasa diski, na utavuta moshi usioutaka. Vumbi la faibaglasi linastahili hofu zaidi kuliko msumeno: hutia mwasho kwenye ngozi na kuumiza mapafu. Fanya kazi nje, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, miwani, glavu na mikono mirefu, futa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Kila ulipokata, mti wa ndani umeachwa wazi, na hapo ndipo maji yatakapoingia, yaufurishe mti na kuzibandua tabaka moja baada ya nyingine. Piga msasa mdogo, kisha paka epoksi au vanishi ya baharini mara mbili, uache ikauke katikati. Matundu ya skrubu za vibano yajaze pia. Watu hulikimbia jambo hili dogo, na ndilo linaloamua kama kiti kitaishi misimu miwili au miaka mingi. Halafu shika tupa, ulainishe kingo za chuma kwa urefu wote hadi kidole kipite bila kukwaruzwa. Kingo hizo zilinolewa ili zikate barafu. Zitakata suruali na mapaja ya watoto vilevile. Zipake vanishi juu, la sivyo zitashika kutu na kuacha michirizi ya kahawia.

Wakati wa kuunganisha, sahau gundi. Plastiki ya chini ya skii haishikwi na gundi wala rangi yoyote ya kawaida. Tumia bolti za milimita 6 za chuma kisichoshika kutu, zenye washa pana na nati za kujifunga. Toboa matundu ya milimita 7, katikati ya upana wa skii na mbali na kingo, ili kipande kipate nafasi ya kujivuta na kujinyoosha joto na baridi vinapobadilika. Kama ndani kuna bamba la alumini, biti ya drili itateleza, kwa hiyo kwanza gonga alama kwa msumari mgumu. Weka kipande cha mti chini ya tundu ili tabaka ya mwisho isichanike biti inapotokea upande wa pili.

Kisha vipange kikalioni upande wa michoro ukiwa juu. Skii nyingi zimepinda kidogo katikati kama upinde. Upinde huo nao uelekee juu, uzito wa mtu uusukume chini. Hicho ndicho kinachofanya kiti cha skii kiwe na mnepo ambao ubao hauna, na aliyekikalia mara moja huutambua.

Kuna skii ambazo hutakiwi kuzigusa. Ukikuta jozi ya mti mtupu, haswa hikori au mwarini, isiyo na faibaglasi wala plastiki, yenye mikanda ya ngozi, huenda ni ya kabla ya Vita Kuu ya Pili na ina wanaoitafuta. Skii ni chombo cha kale mno: ile iliyopatikana Kalvträsk, Sweden, mwaka 1924, ina umri wa miaka 5,000 na zaidi. Uliza makumbusho ya mahali ulipo kabla hujaitia msumeno.

Kwa ndugu zetu mlioko Burlington, Denver, Minneapolis au Oslo: msinunue. Mwezi Aprili ingieni duka la skii, mkaombe zile ambazo vibano vyake havidhaminiwi tena, na mwambieni mwenye duka ni za kutengenezea kiti. Wengi watafurahi kupunguza rundo. Na kiti kikishamaliza majira yake ya kwanza ya baridi nje, kazeni bolti zote upya, kwani fremu ya mbao hunywea ikikauka.