Kijiji cha Wakamba Kimeundwa na Nani?

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, makarani wa sensa walianza kupita nyumba hadi nyumba kote Kenya wakiwa na vishikwambi mkononi. Miongoni mwa maswali yao lilikuwamo la kabila, na katika vijiji vya Kitui na Makueni jibu lilikuwa karibu lile lile kila mlangoni: Mkamba. Kitui ilikutwa na watu 1,136,187, Makueni 987,653, na Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, likaandika kwamba Wakamba wa nchi nzima ni 4,663,910. Anayesoma takwimu hizo haoni sababu ya kudhani kuna mchanganyiko wowote wa watu katika kijiji cha Ukambani. Mimi nasema upo, tena mkubwa, na kwamba Ukamba wenyewe ulitokana na mchanganyiko huo. Jibu analopewa karani ni la kweli, lakini linaonyesha tu pale safari ilipofikia. Waliosafiri ni kina nani, halisemi.

Masimulizi ya wazee, ambayo wanahistoria wameyakusanya kwa miaka mingi, hutaja nyanda za karibu na Kilimanjaro, kisha milima ya Chyulu, kisha mlima Nzaui, halafu Mbooni yenye mvua na udongo wa kulimika. Kutoka Mbooni, katika karne ya 18, familia zilivuka mto Athi na kuingia Kitui. Hazikukuta nchi tupu. Kulikuwa na wawindaji, mashariki kulikuwa na wafugaji Waoromo, na kaskazini waliishi watu wa jamii ya Watharaka. Watharaka hao hawajatoweka: eneo bunge la Mwingi Kaskazini hadi leo lina wadi inayoitwa Tharaka, ndani ya kaunti ambayo wengi huihesabu kuwa ya Wakamba watupu. Hata Kikamba chenyewe kina lahaja zake. Anavyosema mtu wa Mumoni sivyo anavyosema wa Kitui Kusini, na wote wawili hutambulika mara moja wakifika Makueni.

Kilichowaunganisha watu hawa ni mbai, yaani ukoo. Atangwa, Anzauni, Aombe, Amutei, Akitutu na koo nyingine zimetapakaa Ukambani kote, na mtu haoi ndani ya ukoo wake. Kabla mbuzi wa ntheo, yaani wa posa, hawajapelekwa kwa kina msichana, wazee wa pande zote mbili huwa wameshaulizana koo, na koo zikifanana mazungumzo huishia hapo. Matokeo yake ni kwamba kila boma lina koo mbili au zaidi, na kila kijiji kina wanawake waliotoka vilima vingine. Jambo kubwa zaidi ni kwamba ukoo ulikuwa mlango. Mgeni aliyepokewa na ukoo alipata shamba, mke na watu wa kumsemea barazani. Mwanamke wa Kimaasai aliyetekwa vitani hakubaki Mmaasai katika kizazi cha pili, maana watoto wake walikuwa wa ukoo wa baba yao.

Karne ya 19 iliupanua mlango huo. Misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na vitambaa na shanga, na watu walisafiri na mali hizo kwenda na kurudi. Kivui wa Mwenda, tajiri wa Kitui aliyekuwa mwenyeji wa mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa na mikataba ya biashara na urafiki kutoka pwani hadi ng'ambo ya mto Tana, na aliuawa karibu na mto huo mwaka 1851. Kisha ikaja njaa kuu ya miaka ya mwisho ya karne hiyo, ambayo Wakamba huiita Ngomanisye. Familia zilikimbilia Ukikuyu na Embu, na wengine wakawaacha watoto wao huko ili chakula kipatikane. Mwanahistoria Charles Ambler, katika utafiti wake wa mwaka 1988 kuhusu jamii za Kenya ya kati, alionyesha jinsi watu wa enzi hiyo walivyojitambulisha kwa kilima, ukoo na jirani wa kubadilishana naye nafaka, kuliko kwa kabila tunalolitaja leo kana kwamba lilishuka likiwa kamili. Baadhi ya waliokimbia walirudi na wengine hawakurudi. Kwa hiyo kuna vijiji vya Kirinyaga na Embu vyenye damu ya Kitui, na kuna vijiji vya Kitui vyenye damu ya huko.

Makueni ina ushahidi wa karibu zaidi. Nyanda zake za chini zilikuwa pori la mbung'o hadi serikali ya kikoloni ilipoanza kulifyeka na kuleta walowezi Wakamba kutoka milima iliyojaa watu, kuanzia mwaka 1946. Kibwezi na viunga vyake vilijaa zaidi baada ya Uhuru, na wilaya ya Makueni yenyewe ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992. Katika vijiji vingi vya huko, "mwenyeji" ni mtu ambaye baba au babu yake alihamia. Reli nayo ilipita kabla ya walowezi hao. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga kuanzia mwaka 1896, na chini ya 7,000 ndio waliobaki Afrika Mashariki mikataba ilipokwisha. Kituo cha Sultan Hamud kikapewa jina la Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar. Huko Makindu, Masingasinga walijenga hekalu mwaka 1926, nalo lingali wazi. Msafiri wa barabara ya Mombasa huvua viatu, hufunika kichwa kwa kitambaa, kisha huketi kula chapati na dengu bila kuulizwa dini yake wala kabila lake, na hatozwi hata shilingi. Hekalu hilo lina umri mkubwa kuliko vijiji vingi vinavyolizunguka. Sioni kwa kipimo gani jamii iliyolijenga itaitwa ya kuja, na waliofika miaka 20 au 30 baadaye waitwe wenye nchi.

Msomaji anaweza kuniuliza: kama mjukuu wa Mtharaka au wa Mmaasai anajiita Mkamba, anasema Kikamba na kuzikwa Kikamba, kuna haja gani ya kumfukulia asili? Hoja hiyo ina uzito, na jibu langu ni kwamba simfukulii mtu yeyote. Ni Mkamba kamili. Ninachotaka kitambuliwe ni njia aliyopitia kuwa Mkamba, kwa sababu njia hiyo sasa inazibwa kwa karatasi. Kifungu cha 63 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema ardhi ya jamii itamilikiwa na jamii zinazotambuliwa kwa misingi ya kabila, utamaduni au maslahi yanayofanana. Zamani ukoo uliweza kumpokea mtu na kumgawia shamba. Leo kamati ikishika neno "kabila" na kuyaacha hayo mengine mawili, familia iliyoishi kijijini vizazi vitatu inaweza kujikuta nje ya daftari. Katiba yenyewe haikulazimisha hivyo, maana maneno "maslahi yanayofanana" yamo humo humo.

Wengine watasema wasio Wakamba ni wachache mno kijijini kuweza kubadili lolote. Bunge halikuona hivyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia ziwaendee watu wasiotoka katika kabila lenye wengi kwenye kaunti. Vijana wa Kitui wasio na ajira hulalamikia kifungu hicho, na ninaelewa uchungu wao: kaunti ni kame na kazi ni chache. Lakini wamtazame Mkamba wa Shimba Hills huko Kwale, wa Rabai, wa Taita Taveta. Wakamba wameishi pwani tangu enzi za misafara, na bado kuna wanaowaita watu wa bara. Kifungu kile kile kinachomkera kijana wa Kitui ndicho kinachomlinda binamu yake asinyimwe kazi Kwale. Hatuwezi kukitetea pwani na kukipinga nyumbani.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Kitui Mashariki na Kitui Kusini. Huko Mutha, Voo na Endau, wakulima wamepoteza ndugu na mazao kwa wafugaji wa ngamia wanaoingia kutoka Garissa na Tana River, baadhi yao wakiwa na bunduki. Mkulima ambaye ndengu zake zimeliwa usiku kucha hana nafasi ya kusikiliza habari za koo na misafara, na ana haki ya kulindwa na polisi na kulipwa hasara yake. Ninalikubali hilo pasipo masharti. Hata hivyo uhalifu una mtu aliyeutenda, na ngamia ana mwenyewe. Msomali mwenye duka kule Ukasi, kwenye barabara ya Garissa, anayenunua mbuzi wa Wakamba na kuwakopesha unga hadi mavuno, si mwenye ngamia hao. Anayemtoza deni la Mutha kwa sababu ya kabila analoshirikiana na wafugaji hao anamwacha mhalifu aende zake, na anamfukuza mnunuzi ambaye mkulima atamhitaji soko lijalo. Machifu na wazee wa vijiji wanaowajua wakazi wao kwa majina ndio wanaoweza kutenganisha wawili hao. Serikali ya kaunti ingefanya vyema kuwaita wafanyabiashara hao kwenye mabaraza ya amani wakiwa wakazi, wenye kiti na sauti, kabla ya msimu wa kiangazi kuanza na ngamia kuvuka mpaka tena.