Gloriosa: Itambue kwa Jani na Staili, Si kwa Rangi

Mvua zikishika, kwenye vichaka vya Afrika Mashariki hujitokeza ua lenye petali sita nyembamba zilizopinda kurudi nyuma, kingo zake zikiwa na mawimbi, njano ikipakana na nyekundu. Hilo ni Gloriosa superba, ua la taifa la Zimbabwe. Ni rahisi kulidhania nyinyoro, na kweli lina undugu nazo. Lakini nyinyoro halisi, za familia ya Liliaceae, asili yake ni nchi za kaskazini mwa dunia. Gloriosa ni ya Colchicaceae, familia yenye spishi zipatazo 280.

Rangi itakupoteza, kwa kuwa ua hufunguka likiwa na ukijanikijani, likageuka njano, kisha likaiva wekundu. Anza na jani. Ncha yake hurefuka ikawa uzi unaojiviringisha kwenye matawi ya jirani, na mmea hupanda kwa njia hiyo. Halafu tazama staili. Inapotoka tu juu ya ovari hukunja kona na kulala ubavuni, kama iliyovunjwa kwa makusudi. Katika maua yetu ya porini sijui alama iliyo wazi kuliko hii. Stameni ni sita, na ovari imekaa juu ya mahali petali zinapoanzia. Ukikuta stameni tatu, huenda ni jamaa za airisi. Ukikuta ovari chini ya petali, kama kwenye Scadoxus yenye kichwa chekundu cha mviringo, hiyo ni familia nyingine.

Ardhini hakuna tabaka kama za kitunguu, bali kiazi kigumu, mara nyingi chenye umbo la V. Hapo ndipo penye hatari. Sri Lanka watu wamekufa kwa kukidhania kiazi cha kuliwa, na kukipika hakuondoi sumu yake, kolkisini. Sumu hii huzuia seli zisigawanyike. Aliyeila hutapika na kuharisha baada ya saa chache, kisha viungo vya ndani huanza kushindwa. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado hajihisi mgonjwa, na kipande cha mmea kiende naye.

Kwa kipimo kidogo cha daktari, kolkisini hiyohiyo hutuliza jongo. Wazalishaji wa mbegu nao huitumia kuzidisha kromosomu, na ndiyo njia iliyotupatia matikitimaji yasiyo na mbegu.

Ulaya, ndugu yake Colchicum autumnale huchanua majira ya vuli bila jani hata moja, na majani hutoka masika. Wachumaji huyachanganya na ya kitunguu saumu mwitu. Pua haitoshi: ukishachuma jani moja la saumu, vidole vyote vinanukia. La kutazama ni kikonyo. Kila jani la saumu lina chake. Ya Colchicum hayana, na hutoka pamoja yamekumbatiana.